Mwigizaji Kwanza, Kitabu Baadaye: Ushauri kwa Anayetaka Kuandika na Kutafsiri Tamthilia

Ukiingia duka la vitabu Nairobi au Dar es Salaam ukaulizia tamthilia, muuzaji hatakuuliza unataka ya kuchekesha au ya kuliza. Atakuuliza ni ya kidato cha ngapi. Rafu ya tamthilia ni rafu ya shule. Wakenya waliomaliza sekondari miaka ya karibuni wanazijua Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege kwa kuwa mtihani uliwataka wazijue. Watanzania nao wameisoma Ngoswe ya Edwin Semzaba kalamu mkononi, wakipigia mstari maudhui upande huu na fani upande ule. Walioziona kazi hizo zikichezwa mbele yao na watu wanaotoka jasho ni wachache.

Shule imetufanyia hisani kubwa, maana bila yake wachapishaji wengi wasingegusa mswada wa tamthilia. Ila imewaachia waandishi chipukizi dhana inayowakwamisha: kwamba tamthilia ni kitabu kama vitabu vingine, isipokuwa majina ya wahusika yamepangwa pembeni na kufuatiwa na nukta pacha. Mswada wa namna hiyo huwa na watu wanaohutubiana. Kila mmoja anangoja mwenzake amalize aya yake ndipo aanze ya kwake, na mada zote za mtihani zimo ndani. Mpe mwigizaji auseme, na ulimi utakwama kabla ukurasa wa kwanza haujaisha.

Ushauri wangu wote katika makala haya unatoka kwenye jambo moja: msomaji wako wa kwanza ni mwigizaji. Mhariri, mwalimu, mtahini na mchapishaji watafuata. Ukilishika hilo utajua uanzie wapi, utafsiri nini, ukae na nani, na mkataba wako useme nini.

Anza kwa kutafsiri

Vijana wengi huiona tafsiri kuwa kazi ya pembeni, ya kufanywa na mtu aliyekosa cha kuandika. Historia ya jukwaa letu inasema vingine. Tamthilia ya Kiswahili ya maandishi ilipokuwa inajitafuta miaka ya 1960, watunzi na watafsiri walifanya kazi bega kwa bega. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 akiwa kiongozi wa nchi changa, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth na Tufani, halafu akawaendea Wayunani na kuleta Mfalme Edipode. Baadaye Christon Mwakasaka alimleta Gogol kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Na katika mwaka huo wa 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Maji Maji ambayo mpaka leo ndiyo kipimo cha wengi.

Tafsiri inafundisha kwa sababu huwezi kuitafsiri tamthilia bila kuifumua, kama fundi cherehani anavyofumua koti la fundi mwenzake ajue lilivyoshonwa. Msomaji wa kawaida huruka maelekezo ya jukwaani, lakini mtafsiri hana ruhusa hiyo. Lazima ajue kwa nini mtumishi anaingia sasa hivi na si dakika mbili kabla, kwa nini barua inasomwa kwa sauti, na kwa nini mhusika fulani ananyamaza kurasa mbili nzima ilhali amesimama palepale. Ukitafsiri tamthilia moja nzuri mpaka mwisho, utajifunza ujenzi kuliko ukisoma kumi.

Usianze na Hamlet. Onyesho lake likichezwa lote linakaribia saa nne, na utachoka kabla mzimu haujamaliza kusema. Anza na tamthilia ya onyesho moja yenye wahusika wachache na chumba kimoja. Nakupa mbili. Ya kwanza ni ile ya Anton Chekhov ya mwaka 1888 ambayo kwa Kiswahili tungeiita Dubu. Mna mjane kijana aliyeapa kumlilia mumewe maisha yake yote, mdai anayekuja kudai deni la marehemu, na mtumishi mzee anayeyashuhudia yote hayo. Wanaanza kwa kugombana juu ya fedha, wanafika mahali pa kutaka kupigana kwa bastola, wanaishia kubusiana. Deni, ujane na kiburi havihitaji maelezo Mwanza wala Mombasa. Ya pili ni Riders to the Sea ya John Millington Synge wa Ireland, iliyochezwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1904. Inamhusu mama wa kisiwani ambaye bahari imemnyang'anya wanaume wa nyumba yake mmoja baada ya mwingine. Mtu wa Pemba, Lamu au Kilwa ataielewa kabla pazia halijafunguka vizuri.

Uliza kwanza kazi ni ya nani

Kabla ya kuandika neno la kwanza, uliza nani mwenye haki. Haki ya kutafsiri ni mali ya mtunzi, na akifa hurithiwa. Kwa sheria za Kenya na Tanzania ulinzi huo hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inayosimamiwa na KECOBO. Tanzania Bara ina sheria ya 1999 chini ya COSOTA, na Zanzibar ina sheria yake ya 2003 chini ya COSOZA. Nchi za Ulaya kwa kawaida huhesabu miaka 70.

Hesabu hizi si za wanasheria peke yao. Sofokle, Shakespeare, Molière, Gogol, Chekhov, Ibsen na Synge wako huru kila mahali, watafsiri utakavyo. Bertolt Brecht alifariki mwaka 1956. Kwa hesabu ya kwetu muda wake umekwisha, lakini Ujerumani inamlinda mpaka mwisho wa 2026. Tafsiri ambayo hukuiombea ruhusa unaweza kuicheza Morogoro bila tatizo, kisha ukaja kuzuiwa siku ya kuipeleka kwenye tamasha la Berlin. Samuel Beckett alifariki mwaka 1989, kwa hiyo usimguse bila barua. Na mwandishi aliye hai, hata akiwa rafiki yako wa Kampala, akupe ruhusa kwa maandishi inayotaja lugha, nchi, muda, na kama ni ya jukwaa tu au pia kitabu, redio na filamu.

Kuna mtego ambao wengi hawauoni. Chekhov yuko huru, lakini Chekhov wa Kiingereza uliyemnunua juzi huenda si huru, kwa sababu mtafsiri wake ana haki yake mwenyewe. Ukitafsiri kwa Kiswahili kutoka Kiingereza hicho umechukua kazi ya mtu wa pili. Njia mojawapo ya kutoka ni kutumia tafsiri za zamani, kama za Constance Garnett aliyefariki mwaka 1946. Njia bora zaidi ni kumtafuta anayejua lugha ya asili. Kwenye kumbi za London ni kawaida mwenye ukumbi kumlipa mjuzi wa lugha atoe tafsiri sisisi, neno kwa neno na yenye maelezo, kisha mtunzi wa tamthilia akaichukua na kuipa sauti ya jukwaani. Wapo wanaomudu kazi zote mbili peke yao. Michael Frayn alijifunza Kirusi jeshini, akamtafsiri Chekhov moja kwa moja, na wakati huohuo akaandika vichekesho vyake mwenyewe kama Noises Off ya mwaka 1982. Christopher Hampton, mtunzi naye, ndiye aliyeleta tamthilia za Yasmina Reza kwa Kiingereza kutoka Kifaransa anachokijua.

Nasi watu hao tunao. Huenda katika mji wako yuko daktari au mhandisi mstaafu aliyesomea Moscow, au mwalimu aliyesomea Leipzig, ambaye tangu arudi hajapata mtu wa kuzungumza naye lugha ile. Mwendee na daftari. Mkubaliane malipo mapema, na jina lake liandikwe kwenye jalada na kwenye tangazo la onyesho.

Tafsiri ukiwa umesimama

Rasimu ya kwanza iandike umekaa, utafute maana. Rasimu ya pili isome umesimama, kwa sauti, huku ukitembea. Pumzi ikikatika katikati ya sentensi, ikate sentensi. Ukijikuta umerudia neno kwa kuwa ulimi umeteleza, libadilishe. Baada ya hapo yako mambo manne ambayo Kiswahili kinakudai kuliko lugha nyingi unazotafsiri kutoka kwazo.

La kwanza ni heshima. Jukwaani watu wanapokutana wanasalimiana, na kwetu salamu hupima umri, cheo na ukoo papo hapo. Katika Dubu, bibi mwenye nyumba ni kijana na mtumishi wake ni mzee. Je, asubuhi bibi anamwamkia mtumishi wake shikamoo? Umri unasema ndiyo, cheo kinasema hapana. Mtumishi naye anamwitaje: bibi, mama, mwanangu? Kirusi kina namna mbili za kumwambia mtu mmoja "wewe", ya heshima na ya mazoea, na mdai anaweza kuonyesha kwa hizo kwamba moyo wake unalegea. Sisi hatuna jozi hiyo, lakini tuna utajiri wa majina ya kuitana. Mdai anaweza kuanza na "bibi mkubwa", akashuka hadi "wewe mwanamke", akaishia kwenye jina lenyewe. Panga ngazi hiyo kwa kila jozi ya wahusika kabla hujatafsiri mazungumzo yao. Chora jedwali: nani anamwitaje nani, na anabadilisha wapi.

La pili ni jinsia. Viambishi vyetu havisemi kama anayezungumziwa ni mwanamume au mwanamke. Kwenye vichekesho vya kujibadilisha hilo ni faida na hasara kwa pamoja. Msichana aliyevaa kiume anaweza kusimulia juu ya nafsi yake bila kusema uongo, jambo ambalo lugha ya asili inalipata kwa taabu. Lakini pale mtunzi alipoficha mzaha kwenye kiwakilishi cha kike, hadhira yako haitausikia. Itabidi useme "yule bibi kizee" au umwachie mwigizaji alionyeshe kwa kanga.

La tatu ni urefu. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pumzi moja, na maneno yana silabi nyingi. Mstari wa Shakespeare wenye maneno kumi mafupi hautaingia kwenye mstari wako. Nyerere aliuendea ugumu huo kwa mistari isiyo na vina, akifuata mwendo wa asili kadiri ilivyowezekana. Soma tafsiri yake karibu na ile ya Mushi uone watu wawili wanavyolikabili tatizo moja. Ushauri wangu ni kwamba usihesabu silabi, hesabu pumzi. Kama asili inasemwa kwa pumzi mbili, yako isizidi pumzi mbili, hata ikibidi kivumishi kimoja kiachwe. Kumbuka pia kwamba mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno refu mwishoni mwa sentensi huifanya ishuke polepole. Ukitaka kauli ikate, malizia na neno fupi: damu, leo, toka, kufa.

La nne ni Kiswahili kipi. Wavuvi wa Synge wanazungumza Kiingereza cha kisiwani kwao, si cha vitabuni. Ukiwapa Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari umewaondoa baharini. Ukiwapa Kipemba, uwe unakijua, au umwite anayekijua. Vilevile Sheng ya Nairobi mdomoni mwa kijana wa Eastlands huleta uhai, lakini hubadilika haraka, na tafsiri ya leo inaweza kuchekwa baada ya miaka mitano. Usiogope kufanya alivyofanya Nyerere, kuirudia tafsiri yako baada ya muda. Tamthilia zinazochezwa kwa vizazi vingi hutafsiriwa upya kila kizazi.

Amua pia mapema kama unatafsiri au unahamisha. Kumwacha mjane wa Chekhov Urusi, na baridi yake na farasi wake, ni uamuzi halali. Kumhamishia shamba la mkonge Tanga ni uamuzi halali pia. Kisichofaa ni kumwacha katikati: jina la Kirusi, sahani ya ugali, na theluji dirishani. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe wa London ulialika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37. Kiswahili kiliwakilishwa na Wanawake wa Heri wa Winsa, tafsiri ya Joshua Ogutu, iliyochezwa na kikundi kutoka Kenya, na Mrisho Mpoto wa Tanzania akiwa Falstaff. Hapakuwa na tafsiri ya kila mstari kwenye skrini, ila muhtasari mfupi wa kila sehemu ya mchezo. Watazamaji wasiojua Kiswahili walicheka kwa kile walichokiona kwenye miili na kusikia kwenye sauti za waigizaji. Tafsiri yako ijiandae kwa mtihani wa namna hiyo.

Kutoka kwa wengine kwenda kwako

Ukishafumua tamthilia mbili tatu za watu, andika yako. Hapa njia ya Ebrahim Hussein inafaa kuangaliwa kwa makini. Alizaliwa Kilwa, akasoma sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baada ya Kinjeketile akaandika Mashetani mwaka 1971. Alikwenda Berlin, akamaliza shahada ya uzamivu mwaka 1975 juu ya ukuaji wa sanaa za maonyesho Afrika Mashariki. Mtu angetarajia arudi na tamthilia ya Kizungu zaidi. Mwaka 1976 alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kazi zinazorudi kwa mtambaji wa hadithi: mtu mmoja, sauti yake, na hadhira inayomwitikia. Kusoma kwa wengine kulimfungulia macho aone alichokuwa nacho nyumbani.

Jifunze kwake mambo mawili zaidi. Kinjeketile imesimama juu ya historia, lakini Hussein alisema wazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa sanaa, si nakala ya mtu aliyeishi Ngarambe. Ukiandika juu ya mtu wa kweli, fanya utafiti kama mwanahistoria, kisha uwe na ujasiri wa kuchagua kama mtunzi. Na mwaka 1970 aliitafsiri mwenyewe tamthilia hiyo kwa Kiingereza. Unapoweza, fanya hivyo. Anayekuja kuitafsiri kazi yako baadaye atakuwa na mahali pa kuanzia, na wewe utagundua sehemu ulizojificha nyuma ya maneno mazuri. Yale yasiyovuka kwenda lugha nyingine mara nyingi ni mapambo ambayo hata kwa Kiswahili hayakuwa na kazi.

Kaa na kikundi

Tamthilia haikamiliki mezani. Mwaka 1977 marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩi walipoandaa Ngaahika Ndeenda na wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, mazoezi yalikuwa wazi na wanakijiji waliwasahihisha wasomi: mzee hazungumzi hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo. Mchezo ulipata watu wengi mno kiasi kwamba serikali iliufunga ndani ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Baadaye ulitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Nitaolewa Nikipenda, na mwaka 2022 ukachezwa tena katika Ukumbi wa Taifa, Nairobi. Uimara wake ulitoka kwenye masikio yale ya kijijini.

Kwa upande wa Tanzania, waangalie Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba. Mlama aliandika Hatia, Pambo, Nguzo Mama na Lina Ubani. Lihamba ameandika, ameelekeza na ameigiza. Wote wawili walifundisha chuo kikuu na wakaipeleka sanaa ya maonyesho vijijini, wakatengeneza michezo pamoja na wananchi juu ya matatizo yao. Tazama walivyounganisha kazi: uandishi, ualimu, uelekezaji na utafiti. Hivyo ndivyo maisha ya mtunzi wa tamthilia yanavyosimama katika nchi zetu, na hakuna aibu ndani yake.

Kwa hiyo tafuta kikundi kabla ya kutafuta mchapishaji. Kipo chuoni, kanisani, shuleni, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwenye vituo vya utamaduni vya mijini. Omba kusomewa mswada mezani: watu watano, viti vitano, nakala tano. Kaa kimya. Usimweleze mwigizaji ulichokusudia, andika mahali anapokwama, anapocheka bila kutegemea, na wasikilizaji wanapoangalia simu. Weka saa, maana ulichodhani ni dakika 60 mara nyingi huwa 90. Mazoezi yakianza, hudhuria siku za mwanzo na uwe tayari kukata, halafu ondoka umwachie mwongozaji nafasi, urudi karibu na onyesho. Mtunzi anayekaa kila siku akisahihisha kiimbo cha kila mtu hukaribishwa mara moja tu.

Fedha na karatasi

Tamthilia pekee haitakulisha mwanzoni, lakini ujuzi wake unaweza. Redio ni mwalimu mzuri na mlipaji anayeeleweka. Tamthilia ya redio Twende na Wakati, iliyoanza Radio Tanzania mwaka 1993, iliwafundisha waandishi kumalizia kila kipindi kwa swali linalomrudisha msikilizaji. Mashirika yanahitaji michezo ya afya, ardhi na uchaguzi. Kenya ina tamasha la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, na shule nyingi hutafuta watunzi na waelekezi wa kuwaandalia michezo. Chukua kazi hizo, ila usiziache zikufundishe kuhubiri. Hata mchezo wa chanjo unahitaji mhusika anayekataa kwa sababu ya maana.

Mali bila daftari huisha bila habari. Tenganisha haki zako na kila moja iwe na karatasi yake: haki ya kucheza jukwaani, haki ya kuchapisha, haki ya redio na picha, haki ya kutafsiri. Usimuuzie mchapishaji zote kwa saini moja. Kwa kitabu, mrabaha wa karibu asilimia 10 ya bei ni wa kawaida. Uliza ni asilimia ya bei gani, ya dukani au ya anayopokea mchapishaji, na hesabu zitaletwa lini. Kwa jukwaa, omba ada ya mwanzo pamoja na asilimia ya mapato ya mlangoni, na uweke idadi ya maonyesho. Kikundi kichanga kisicho na fedha unaweza kukiruhusu bure, lakini kwa barua inayosema mwisho wa ruhusa. Mtafsiri naye ni mtunzi mbele ya sheria, hivyo tafsiri yako ikichezwa tena unastahili kulipwa tena. Isajili COSOTA, COSOZA au KECOBO mapema, siyo baada ya ugomvi.

Vibali navyo vina utaratibu wake. Tanzania Bara utakutana na baraza la sanaa, BASATA, Zanzibar na BASSFU, na Kenya ina historia ndefu ya leseni za michezo. Kwenye tamasha la shule, mahakama iliingilia kati mwaka 2013 na tena mwaka 2025 baada ya michezo ya wanafunzi wa shule ya Butere kuzuiwa. Uliza masharti kabla ya kuchapa matangazo, na weka nakala za kila barua. Usijikate ulimi mwenyewe kwa kuogopa katazo ambalo hakuna aliyekupa. Mswada ukiwa na silaha ya kweli, ambayo ni wahusika wanaoaminika kwa pande zote mbili, utautetea kwa urahisi kuliko ukiwa hotuba ya upande mmoja.

Mwezi huu ufanye nini

Chagua tamthilia ya onyesho moja isiyo na mwenyewe. Mtafute mjuzi wa lugha ya asili, au tafsiri ya zamani iliyo huru. Chora jedwali la nani anamwitaje nani. Tafsiri kurasa mbili kila siku ya kazi, usome umesimama, usiende ya tatu kabla hizo mbili hazijatamkika. Ukimaliza waite watu watano wakusomee, na wape chai. Sahihisha, waite tena. Ndipo uandikie kikundi kimoja barua fupi yenye muhtasari wa mchezo, idadi ya waigizaji, urefu wa onyesho na hali ya hakimiliki. Mwongozaji mwenye bajeti ndogo huangalia mistari hiyo kabla ya kitu kingine, na anayejibu mapema maswali yake ndiye anayepigiwa simu.

Kitabu kitakuja. Kikija kikiwa kimeshapita midomoni mwa waigizaji, hata mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekichukua kwa ajili ya mtihani atajikuta anakisoma kwa sauti.